Matuta ya Kumtoma

Kumtoma, karibu na Busunzu,
Kibondo.
3 Novemba 1974

Mdogo wangu Makarius,

Huku tu wazima wote. Mimi tu ndiye sikai chini. Tangu watushushe kutoka mlimani na kutupanga kando ya barabara kama mafungu ya viazi sokoni, sijapata wiki moja ya kutulia. Nyumba ziko kwenye mstari, sawa, shule iko karibu, sawa. Lakini shamba nililopewa liko bondeni, na udongo wake ni mfinyanzi mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mbuzi anaweza kutumbukiza mguu. Mvua zikianza, unakuwa uji. Mwaka jana mahindi yangu yalisimama majini wiki tatu, yakapiga manjano, yakafa yakiwa yamefika gotini. Na ng'ombe wangu Bihogo hana pa kwenda. Nyumba zimebanana, na akitia mdomo kwenye shamba la mtu naitwa barazani.

Sasa nakuambia jambo, na ukishalisoma barua uichome.

Yuko mtu kwangu, anaitwa Venanti. Ni Mrundi. Alivuka mwaka wa sabini na mbili mikono mitupu, mkewe aliuawa hukohuko. Mwezi wa sita alianza kunilimia ili apate chakula, na sasa si kibarua tena. Una akili, sina haja ya kukufafanulia. Watu nimewaambia ni binamu ya marehemu mume wangu, wa kule Nyabibuye, na kwa jinsi Kirundi na Kiha vinavyofanana, hakuna anayeuliza. Walioshtukia wamenyamaza. Lakini tunasikia kuna malori huko Kasulu yanakusanya Warundi kuwapeleka Katumba, upande wa Mpanda. Wewe umo kwenye ofisi ya serikali. Niulizie kimyakimya kama yatafika huku. Jina lake usilitaje kwa mtu yeyote. Nimekwisha kuzika mume mmoja, na huyu simtaki apandishwe lori.

Shamba amelipindua. Kila siku alikuwa anachukua donge, analiviringisha kiganjani. Likinyooka kama uzi analitupa, anarudi nyumbani. Siku lilipovunjikavunjika ndipo akashika jembe. Amepiga matuta mapana, ya kulala watu wanne, na katikati mifereji. Yote yanashuka na mteremko, lakini kwa kukingama kidogo. Nilimwambia utaniharibia, akacheka. Barua hii anakuletea Saidi wa duka, anafuata chumvi huko.

Dada yako,
Winifrida

*

Ofisi ya Kilimo,
Kasulu.
19 Novemba 1974

Dada Winifrida,

Barua nimeipata na nimeichoma. Usiniandikie tena maneno ya namna hiyo, au ukiandika, andika kwa mzunguko.

Malori ni kweli. Wanaandikisha tarafa kwa tarafa. Kwenu bado, na huenda wasifike, maana mafuta ni shida. Mwambie huyo ndugu asizungumze mbele za watu kwa muda mrefu. Maneno mawili matatu anapita kama Muha. Akianza kuhadithia, atajulikana kwamba ametoka ng'ambo.

Nimefurahi kwa ajili yako, ingawa najua hukuniomba ruhusa na hungeniomba.

Lakini hayo matuta ya kushuka na mteremko siyaafiki. Mimi nimefundishwa, na nawafundisha watu kila siku, kwamba matuta hukata mteremko ili yazuie maji na kuhifadhi udongo. Kushusha tuta ni kuuaga udongo wako. Ninakutumia kijitabu chetu, ukurasa wa tisa una mchoro. Asome kama anasoma.

Huku kila mtu anahangaishwa na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Kila bwana shamba anatakiwa aonyeshe shamba moja la mfano kwenye eneo la udongo mgumu, lenye chakula cha watu na malisho ya mifugo pamoja. Mimi sina hata moja. Nililonalo limeliwa na nguruwe mwitu.

Mdogo wako,
Makarius

*

Kumtoma,
12 Desemba 1974

Mdogo wangu,

Kijitabu kimefika. Venanti amekisoma chote, akasema mchoro ni mzuri sana kwa mlimani. Halafu akakirudisha kwenye bahasha kwa adabu, kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani.

Mvua zimekuja, Makarius, na nimeona kwa macho yangu. Siku nne mfululizo. Kwa Esteri, jirani yangu, maji yamesimama mpaka kwenye vifundo vya miguu, na maharage yake yameanza kunuka. Kwangu maji yanaingia mferejini, yanatembea taratibu, yanatoka chini kwenye shimo alilochimba, na mahindi yamesimama juu makavu. Nilikaa kibarazani na gunia kichwani nikiyatazama yanavyotoka. Nililia kidogo. Usimwambie mtu hilo nalo.

Umeuliza udongo hauendi? Ukingoni mwa kila tuta amepanda majani marefu ya mabingobingo, na mizizi yake imeushika. Ndiyo malisho ya Bihogo. Anayakata yakiwa ya kimo cha kiuno, kabla hayajakomaa, kwa sababu yakikomaa ng'ombe anatafuna miti. Chini ya mahindi amepanda fiwi, yale maharage ya kutambaa. Tunda lake tutakula sisi, majani yake atakula Bihogo, naye atatupa samadi, na samadi inarudi juu ya tuta. Jembe halikanyagi tuta likiwa bichi, wala mguu. Nimekaripiwa mara mbili kwa kukanyaga, mimi mwenye shamba.

Tumekubaliana kwamba baada ya mavuno tutakwenda kwa padre. Nataka uje na suruali safi. Kwa sasa sikuombi kitu ila ukimya.

Dada yako,
Winifrida

*

Kasulu,
10 Januari 1975

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Mimi mzima, ila nalala kidogo. Tuna ripoti nyingi.

Nina maswali, ni kwa ajili ya kujifunza mwenyewe tu. Tuta lina upana wa hatua ngapi hasa? Mfereji una kina gani? Bihogo anakula mizigo mingapi ya majani kwa siku, na maziwa yameongezeka kiasi gani tangu aanze kulishwa zizini? Je, shamba liko mbali na barabara, gari linaweza kufika? Nauliza tu.

Kuna nafasi moja ya kwenda Morogoro kusoma. Sisi tunaoitaka tuko watano. Stanislaus ana shamba la mfano huko Heru, anatembea amevimba kama chura. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Kuhusu jambo letu, sijasikia kitu kipya. Kaeni kimya, na mimi nitakaa kimya.

Makarius

*

Kumtoma,
2 Februari 1975

Makarius,

Jana zimekuja Landrova mbili. Zilikuja moja kwa moja mpaka kwenye shamba langu bila kuuliza njia. Nikajua kuna mtu amewaelekeza, na nikajua ni nani kabla hawajafungua mlango.

Bosi wako mkubwa ni mtu mpole, sina ugomvi naye. Alinishika mkono, akaniambia nina bahati kuwa na ndugu mtaalamu. Akafungua karatasi akanisomea: "Shamba la Bibi Winifrida wa Kumtoma, lililolimwa kwa maelekezo ya Bwana Shamba Makarius." Hatua nne, sawa. Mabingobingo, sawa. Fiwi, sawa. Mizigo miwili ya majani asubuhi na miwili jioni, sawa, kama nilivyokuandikia nikidhani unajifunza. Venanti alikuwa ameinama nyuma ya zizi muda wote huo, ameshika mdomo wa ndama asilie.

Nisikilize vizuri, maana hili si la kununa tu. Kwenye mchoro wako matuta yanakata mteremko. Umechora shamba ambalo halipo. Bosi alisimama juu ya tuta langu, akatazama karatasi, akatazama chini, akasema labda mama huyu alikosea kidogo kufuata maelekezo. Mimi nilikosea. Na sasa ameagiza shamba lote la kijiji, ekari arobaini za bondeni, lilimwe kabla ya mvua za Machi kwa kufuata karatasi. Mwenyekiti Evaristi amekwisha kuanza kukata mambo, vile vigingi vya kupimia. Nyumba themanini na mbili zitakula kutoka kwenye hizo ekari. Wakikata mteremko na matuta, watakuwa wamejenga mabwawa arobaini. Tutakula nini?

Njoo useme. Wewe ukisema watakusikia. Mimi nikisema wataniuliza nimejulia wapi, na jibu unalijua. Siku ya kuanza ni tarehe ishirini na sita.

Winifrida

*

Kasulu,
16 Februari 1975

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Unaniona mwizi. Nakuomba ufikirie hivi: uliniambia nisitaje jina lake, sikulitaja. Ripoti lazima iwe na jina la mtu. Ningeandika nini, kwamba matuta yalijitokeza yenyewe? Nilimficha kwa kujiweka mimi. Ndivyo nilivyojiambia wakati naandika, na wakati ule niliamini.

Kuhusu mchoro, ningechora yanashuka, ripoti ingerudishwa siku hiyohiyo na ningeulizwa kama nimesahau masomo. Nilidhani wataipongeza karatasi na kuifungia kabatini kama zingine. Hakuna aliyewahi kwenda kutazama.

Siwezi kuja tarehe hiyo. Majina ya Morogoro yanatoka tarehe ishirini na nane. Nikisema sasa kwamba mchoro ni wa uongo, nimekwisha. Nipe siku hizo mbili tu, halafu nitakuja na nitaeleza, tutarekebisha. Matuta yanaweza kuchimbwa upya.

Tafadhali, tarehe ishirini na sita mpeleke Venanti Nyabibuye kweli. Asionekane.

Makarius

*

Kumtoma,
1 Machi 1975

Makarius,

Matuta hayachimbwi upya katika udongo huu mvua zikishaanza. Ungejua kama ungekuja.

Nitakuandikia yaliyotokea, polepole, kwa sababu nataka uyasome polepole.

Venanti alikataa kwenda Nyabibuye. Alisema atakaa zizini. Watu wote wa kijiji walikuwa bondeni na majembe, ngoma ipo, katibu kata amevaa kofia. Bosi wako akaamuru mambo zichomekwe. Zikachomekwa, zinakata mteremko sawasawa kama mchoro wako. Mwenyekiti Evaristi alinitazama. Esteri alinitazama. Nikafungua mdomo nikasema, "Mzee, maji yatalala." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, hili limeandikwa na ndugu yako mwenyewe." Watu wakacheka, si kwa ubaya.

Ndipo nikamsikia nyuma yangu. Alikuwa ametoka zizini, bado ana majani begani.

"Bwana Mukubwa, muniwie radhi," akasema. "Maji ya hapa si ya kufunga. Ukiyafunga yanalala, yakilala yanaoza mizizi. Muyape njia. Ila njia ya kutembea, isiwe ya kukimbia."

Bosi akamuuliza amejuaje. Basi Venanti akasahau kila kitu, Makarius. Nilimwona akisahau. Akachukua mambo moja baada ya nyingine, akazihamisha. Akaeleza jinsi babu yake alivyokuwa analima bonde la namna hii kwao, jinsi ya kulipima donge kiganjani, kwa nini bingobingo linakaa ukingoni na si katikati, kwa nini mfereji unakingama. Alizungumza muda wa kupika ugali ukaiva. Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo tangu nimjue. Kila sentensi ilikuwa inamtoa Nyabibuye na kumrudisha Burundi, na kila mtu pale alisikia.

Bosi wako alimsikiliza mpaka mwisho. Akaenda shambani kwangu, akaingia mferejini na viatu vyake, akarudi na matope akasema, "Fanyeni anavyosema huyu." Nilitaka kumbusu mkono. Kisha akamuuliza, bila ukali, kama mtu anavyouliza jina la mbegu: "Na wewe, ndugu, kwenu ni wapi?"

Nilisema mimi haraka, "Nyabibuye." Venanti akasema, "Ruyigi, Burundi."

Jioni nilimpigia kelele. Nikamuuliza kwa nini, ulishamaliza kazi, neno moja tu lilikuwa limebaki. Akasema ameonea haya kudanganya mbele ya watu waliokuwa wanamwamini kwa chakula chao. Nikamwambia mimi je? Alikaa akinoa panga ambalo lilikuwa kali tayari.

Ekari arobaini zimelimwa kama shamba langu. Na karani wa kuandikisha Warundi amekuja na orodha, Venanti yumo. Lori linakuja Busunzu Jumamosi, tarehe nane.

Dada yako

*

Kasulu,
5 Machi 1975

Dada Winifrida,

Nampa Saidi barua hii anaondoka sasa hivi.

Nimekwenda kwa bosi nikamwambia yote, kwamba matuta si yangu, kwamba nilikuwa sijafika Kumtoma tangu mwaka juzi, kwamba mchoro niliukopi kutoka kwenye kijitabu. Alivua miwani akaifuta. Akasema alikwisha kujua siku ileile, kwa sababu bwana shamba aliyetengeneza shamba kama lile asingekaa mbali nalo. Nilimwomba Venanti aachwe, nikasema kijiji kinamhitaji. Akasema orodha si ya idara yetu, imekwenda, yeye hana kalamu huko. Nadhani alisema kweli.

Jina langu la Morogoro lilikuwa limetoka, nimelirudisha. Sikuambii ili unisifu.

Nitaanza safari Jumamosi asubuhi kwa baiskeli, maana kabla ya hapo sina ruhusa ya kutoka, nilale Makere, nifike kwako Jumapili. Nitamwona mwenyekiti, tutaandika barua ya kijiji kizima, tutaifuata Katumba kama ni lazima. Nisubiri. Usifanye jambo lolote mpaka nifike, nakuomba.

Makarius

*

Kasulu,
9 Machi 1975

Mdogo wangu Makarius,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya ofisi yako. Mlinzi ameniambia umeondoka jana kwa baiskeli. Tumepishana njiani, basi. Labda lori letu ndilo lililokutilia vumbi.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Nilitaka kukusubiri, nakuapia. Niliamka Jumamosi nikakata majani, nikamnywesha Bihogo, nikamfungia Venanti chakula kwenye kitambaa. Nikamsindikiza mpaka Busunzu nikijua nitarudi. Walikuwa watu kama thelathini, na meza moja, na karani kijana mwenye homa, anajifuta jasho. Venanti alipotaja jina lake, karani akauliza, "Peke yako?" Venanti akasema ndiyo. Na mimi nikasema hapana.

Karani akaniuliza kwa Kiswahili natokea wapi. Nikamjibu kwa Kiha, lugha ya mama yetu, nikaitamka kama anavyoitamka Venanti. Nimeishi nayo ndani ya nyumba miezi tisa, haikunipa taabu. Ruyigi, nikasema. Akauliza kilima. Nikataja kilima cha Venanti. Akauliza mwaka wa kuvuka, nikasema sabini na mbili, mwezi wa tano. Mwenyekiti Evaristi alikuwa amesimama pale hatua mbili kutoka kwangu, mtu aliyemsimamia ubatizo mwanangu aliyefariki, anayejua nilikozaliwa na jiwe nililoangukia nikavunja jino. Karani akamtazama. Mwenyekiti akatazama mawingu, akasema mvua ya leo itakuwa kubwa.

Basi nikaandikwa, mke. Venanti alinikataza kwa Kirundi mpaka sauti ikamkauka, na karani akadhani ni ugomvi wa kawaida wa mke na mume. Amekaa na wenzake kule kwenye lori akinitazama ninavyoandika, kama anaogopa nitabadili nia. Siogopi sana. Ninachoogopa ni kwamba sijui kule kuna udongo gani.

Bihogo yuko kwa Esteri, lakini Esteri ana watoto sita na hawezi kumkatia majani, kwa hiyo ni wako. Mizigo miwili asubuhi, miwili jioni. Akipunguza maziwa, mwongezee majani ya fiwi, yakianikwa kwanza kidogo. Mifereji isafishe kila baada ya mvua kubwa, ukianzia chini, si juu. Usikanyage tuta bichi. Watu watakuja kukuuliza mambo ya zile ekari arobaini, maana bado wanakuita mtaalamu. Usiwajibu upesi. Nenda ukatazame kwanza, halafu ndiyo ujibu.

Nilikuwa nimekukasirikia mpaka nikashindwa kula. Bado nimekasirika, ila naweza kula. Mama akiuliza, mwambie nimeolewa.

Ukiniandikia, andika kwa jina la Venanti, Katumba, kupitia Mpanda, na usiniite dada kwenye karatasi. Nimesomewa fomu yangu kabla ya kuweka dole gumba, maana karani aliniuliza kama najua kuandika, nikasema sijui. Walipofika pale pa ndugu walioko Tanzania, nilisema sina.

Winifrida